Mahali Alipozika Mahindi Mzee Joni

Jani la mgomba likiungua chini ya unga wa mahindi hutoa harufu ambayo si ya chakula wala si ya moto, iko katikati. Juzi hapa Mikumi, nyuma ya banda langu la chakula, nilikuwa nimepalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, naoka mkate wa mahindi kwa ajili ya dereva mmoja wa lori anayeupenda. Mkwe wangu Neema akaja mbio kutoka kwenye mabeseni ya vyombo. "Mama, kuna kitu kinaungua!" Nikamwambia hakiungui, ndivyo kinavyotakiwa kunukia. Akasimama pale anavuta pumzi, haamini. Na mimi nikajikuta nimekaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, akili yote imerudi Kilosa kwenye uwanja wa bibi yangu, ambako Mzee Joni amechuchumaa mbele ya moto ananiambia nisifunue, nisifunue, mkate haupendi kuangaliwa.

Nimeishia darasa la saba, na daftari langu huwa la mambo madogo ya siku, mvua na bei ya mchele. Hili ni kubwa kidogo kwangu. Nitaandika ninavyokumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema, kwa sababu wapo waliokuwepo ambao bado wako hai, hasa mjomba wangu Shabani, na yeye ana kumbukumbu zake.

Mama yangu alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Ruhembe, na mimi aliniacha kwa mama yake, upande wa mto Mkondoa ulikokuwa mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa umeshachoka. Mwenye shamba, Mgiriki, aliondoka kabla sijazaliwa. Zilibaki nyumba za wafanyakazi, na reli ndogo ya vigari vya mkonge iliyozama kwenye majani, na korona, ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge, imekaa kimya bandani kwake kama ng'ombe mgonjwa. Babu alikuwa fundi wa korona hiyo. Fundi mwenzake alikuwa mzungu mmoja aitwaye Joni. Mgiriki alipoondoka, Joni hakuondoka. Na Babu alipokufa, Joni aliendelea kuja kwetu kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini, anakaa kwenye jiwe lake lilelile, kama vile Babu yuko ndani anavaa shati na sasa hivi atatoka.

Mtaani walimwita Mgiriki, na hilo lilimchoma.

"Mimi si Mgiriki. Mgiriki alikuwa bosi. Mimi natoka Albania."

"Iko wapi hiyo?" Mjomba Shabani aliuliza kila mara, ingawa alishajibiwa.

"Juu ya Ugiriki."

"Kwa hiyo wewe ni Mgiriki wa juu."

"Shabani," Bibi alisema, "mwache baba yako mdogo anywe chai."

Shuleni nilimwomba mwalimu anionyeshe Albania kwenye ramani. Aliitafuta muda, akaweka kidole, na kidole kikafunika nchi nzima. Nilirudi nyumbani nikimhurumia Mzee Joni kwa kuwa na kwao kadogo kiasi kile.

Hakuwa mtu mwepesi, lazima niseme. Alikuwa mchoyo wa vifaa, ukigusa bisibisi yake anakufokea. Kiswahili chake alikipata kwenye mashine, kilikuwa cha amri na matusi, na Bibi alikuwa anamnyoosha mbele yetu bila aibu. "Joni, hapa hakuna korona. Sema naomba." Naye anasema, "Naomba chumvi, Mama Shabani." Tukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku ameweka kiganja kifuani, hata kwa mtoto mdogo kabisa, kama vile umempa kitu. Mkono ule wa kifuani ulikosa vidole viwili. Kwa miaka nilijua kwamba vidole vile vilikatwa na Wajerumani. Ni baadaye sana Bibi aliponiambia kwamba vilichukuliwa na korona, na Babu ndiye aliyemfunga jeraha kwa kitambaa cha kilemba chake.

Habari za vita alizitoa kidogokidogo, wakati mkate uko motoni, maana ndio muda pekee aliokubali kukaa bila kazi. Alichanganya unga wa mahindi na maji ya moto, chumvi na mtindi, akaumwaga kwenye sufuria pana iliyotandikwa majani ya mgomba, akafunika, akapalia makaa juu. Kwao walipalia hivyohivyo, alisema, juu ya kifuniko cha chuma. Mara ya kwanza Bibi alipouonja alitafuna kwa muda, akasema, "Huu ni ugali uliokosa maji." Lakini alimaliza kipande chake, na Ijumaa iliyofuata aliandaa majani ya mgomba kabla hajaombwa.

Alikuwa kijana wakati nchi yake ilipoingiliwa. Kwanza walikuja Waitalia, kisha Wajerumani. Yeye na wenzake wakaingia milimani kupigana nao. Sisi watoto tulitaka bunduki, tulitaka mabomu. Yeye alitueleza baridi. Alitueleza jinsi kiatu kinavyogandana na soksi, na jinsi mtu anavyoweza kulala huku anatembea.

"Lakini ulikuwa unafanya nini hasa?" Mjomba alimbana siku moja.

"Nilibeba sufuria."

"Vita yote umebeba sufuria?"

"Na bunduki. Lakini sufuria ilikuwa nzito zaidi."

Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Joni naye akacheka, ila alicheka akiangalia makaa.

Sasa hapa ndipo kichwa changu cha utotoni kilipokoroga mambo. Kilosa nako kulikuwa na Wajerumani. Walikuwepo zamani za mababu, walijenga, walichapa watu viboko, na babu yake Bibi alichapwa na hao. Hadithi hiyo niliijua kabla sijajua kuhesabu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wajerumani walichoma nyumba ya Mzee Joni, nilielewa kwamba ni walewale. Wamemchapa babu yetu hapa, wamepanda treni, wamekwenda kumchomea yeye. Ndiyo maana akaja kuishi kwetu: tulikuwa na adui mmoja. Treni ikipiga honi kutoka upande wa Munisagara nilikuwa namtazama usoni nione kama anaogopa. Leo najua zilikuwa nyakati mbalimbali na vita mbalimbali. Lakini sina hakika kama nilikosea sana.

Mjomba Shabani naye alikuwa na Wajerumani wake. Aliamini, kama wengi walivyoamini na wanavyoamini mpaka leo, kwamba Wajerumani wakati wanakimbia walizika mali: rupia, dhahabu, masanduku yenye kufuli. Alikuwa amechimba chini ya mawe mengi ya Kilosa bila kupata kitu zaidi ya mizizi. Na huyu hapa mzungu mzima, mtu wa vita, kila baada ya mavuno anaonekana shambani kwake anafukia madebe.

Madebe yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa ya mafuta ya mashine, ameyasugua kwa majivu mpaka yakaacha kunuka. Aliyajaza mahindi makavu yaliyochanganywa na majivu na majani ya mwarobaini, akaziba midomo kwa nta ya nyuki, akayashusha kwenye mashimo upande wa juu wa shamba, mto usikofika. Akimaliza alikuja kumchukua Bibi. Walikwenda pamoja taratibu, anamwonyesha: hapa, na hapa, na hapa karibu na kile chuma cha reli. Bibi alilalamika njia nzima kwamba ameacha maharage motoni. Mimi nilikuwepo kila mara. Sijui kama Joni aliniona kuwa ni mtu. Nafikiri alinihesabu pamoja na Bibi, kama kanga yake.

Ni huko shambani nilikosikia sababu, na niliisikia mara moja tu. Mama yake Joni alikuwa anazika mahindi kwa ajili ya vijana wa milimani, ili nyumba ikichomwa chakula kibaki. Askari wakaja. Wakamtaka aonyeshe. Hakusema. Wakachoma nyumba, na yeye akafa siku ileile, bila kusema. Joni na wenzake waliposhuka walichimba kila mahali, kwa mikono, kwenye theluji, na hawakuyapata. Mdogo wake aliyekuwa amebaki hakuuvuka ule msimu wa baridi.

"Chakula kilikuwepo," Joni alisema. "Tulikuwa tunatembea juu yake. Kwa hiyo lazima mtu mmoja ajue. Mmoja. Si wawili."

Bibi aliacha kulalamika kuhusu maharage.

Siku hiyohiyo, tukirudi, alimwambia na jingine. Baada ya vita, wale walioshinda hawakumpenda. Kaka yake alichukuliwa na wenzake wenyewe, wa milimani, na hakurudi. Joni akavuka mpaka kwa miguu kwenda Ugiriki, na huko ndiko alikompata bosi wa mkonge. Akirudishwa kwao, alisema, hafiki nyumbani. Bibi akamjibu, "Nyumbani umeshafika, Joni. Tembea, maharage yanaungua."

Kisha ikaja ile njaa. Wenye umri wangu mtaikumbuka kwa unga wa njano, na kwa mawe tuliyopanga mbele ya duka badala ya sisi wenyewe, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ulisogeze la mwenzako. Na ulikuwa wakati wa kusaka walanguzi. Watu waliokuwa na katoni mbili za sabuni walizitupa mtoni kwa hofu, tukaona Mkondoa unatoa povu. Nasema tuliona. Huenda nilisimuliwa tu.

Mjomba Shabani, kwenye kijiwe cha kahawa, alisema alichokuwa anakisema miaka yote, kwamba Joni analinda mali ya Wajerumani. Simlaumu. Alisema kwa masihara, na alisema kwa sababu alikuwa na njaa na maneno yalikuwa hayana foleni. Lakini safari hii maneno yalitembea mpaka ofisini.

Walikuja asubuhi, mgambo na majembe, na Hamisi mbele yao. Hamisi alikuwa kijana wa mtaa wetu, mwana wa jirani, amepewa kofia na amri. Nyuma yao nusu ya watu wa foleni, wameacha mawe yao yawawakilishe. Mzee Joni alikuwa kwetu, juu ya jiwe lake, kikombe mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Hamisi. Na majembe yote hayo, umekuja kunilimia?"

"Nimetumwa, Bibi. Tumeambiwa huyu mzee ameficha vitu ardhini."

"Vitu gani?"

"Ndicho tunachotafuta. Wengine wanasema dhahabu, wengine wanasema sukari."

"Mimi sikusema sukari," Mjomba akasema kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza," Bibi akamwambia, na watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Hamisi akamgeukia Joni. Nitasema haki: aliongea naye kwa adabu. "Mzee, sema mwenyewe. Ukisema inakuwa nyepesi. Usiposema, tutafukua shamba zima, na wewe nimeambiwa nikupeleke Morogoro. Kutoka huko watakurudisha kwenu."

Joni aliweka kikombe chini. Alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona shingo yake imekuwa nyekundu, na ndipo nilipoelewa kwa akili yangu ya kitoto kwamba treni imefika. Hawa ndio wenyewe. Hatasema hata wamfanye nini, kwa sababu milimani hawasemi. Kisha akamwangalia Bibi, yule mmoja anayejua.

"Mama Shabani," alisema polepole, "usiseme."

Macho yote yakahamia kwa Bibi. Na mimi nilimshika kanga. Nilijua mahali pote, hapa na hapa na karibu na chuma cha reli, na niliogopa pataonekana usoni kwangu. Kwa Bibi, kimya kilikuwa kitu kigeni, watu walianza kukohoa. Akionyesha mahali, Joni ni mlanguzi. Asipoonyesha, Joni ni mwenye dhahabu. Njia zote zilikuwa zinakwenda Morogoro.

Akafungua kanga ya kiunoni, akaifunga upya.

"Joni," alisema, "hawa si Wajerumani."

Joni aliinamisha kichwa tena.

"Huyu ni Hamisi. Alizaliwa kwenye mikono yangu hii, mama yake akiwa amelala kwenye mkeka wangu. Hebu angalia mkanda wake. Ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Ana njaa, Joni."

"Mama yangu hakusema," Joni alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtoto anayekumbushia sheria ya mchezo.

"Mama yako walikuja kumchomea nyumba. Mimi wamekuja wameniamkia."

Halafu akaondoka kuelekea shambani. Hakumngoja mtu. Mimi nyuma yake, mgambo nyuma yangu, foleni nzima nyuma ya mgambo. Akasimama kwenye kile chuma cha reli, akahesabu hatua zake huku midomo inacheza, akapiga kisigino chini. "Hapa. Chimba taratibu, usitoboe debe."

Debe la kwanza lilipofunguliwa ikatoka harufu ya majivu na mwarobaini, na mahindi yakaonekana, meupe, mazima, hayana hata mdudu. Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Ila Mjomba Shabani alipiga magoti akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini kabisa, akapapasa na pembeni, kisha akautoa mweupe kwa majivu akautazama.

"Mahindi," alisema.

"Ulitaka nini, bibi harusi?" mtu akamjibu.

Hamisi alikuwa amesimama na jembe lake, hajui afanye nini na uso wake. "Bibi, hii si ndiyo kuficha chakula?"

"Mlanguzi anauza. Nani hapa amewahi kuuziwa hata punje na Joni?" Bibi akawageukia watu, akangoja. "Basi hiki ni chakula cha mtaa. Kilikuwa kimelala. Hamisi, beba."

Na Hamisi akabeba. Debe begani, kofia imekaa upande.

Siku ile vinu vilitwanga mtaa mzima mpaka ardhi ikawa inatetemeka chini ya nyayo. Joni alikuwa bado yuko juu ya jiwe lake wakati tunarudi. Bibi alimpelekea yeye wa kwanza sahani, akaikataa kwa mkono. Nilidhani amekasirika, na huenda alikuwa amekasirika kweli, sitaki kumsemea. Kisha akainuka, akaomba unga. Alisema naomba. Akaanza kuoka, sufuria baada ya sufuria, jasho linamtoka, anafokea kila anayegusa kifuniko, na machozi yalikuwa yanamtoka pia, ila alikuwa karibu na moshi, kwa hiyo hapo sina ushahidi. Kipande cha kwanza alimpa Hamisi, kwa mkono mmoja, na mkono wenye vidole pungufu ameuweka kifuani.

Alipofika kwa Bibi alisimama.

"Mama Shabani, wewe ungekuwa askari mbaya sana."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akauma mkate.

Hamisi aliripoti nini ofisini, sijui. Mjomba anasema aliandika kwamba zilikuwa mbegu. Hakuna aliyekuja tena. Mzee Joni alifia kwenye kitanda chake mwenyewe, mimi nikiwa nimeshaolewa, na Ijumaa ile Bibi aliweka kikombe karibu na lile jiwe, akakisahau hapo mpaka jioni.

Naye Bibi alipougua aliniita. Hakuweza kutembea, kwa hiyo Mjomba alimbeba mgongoni mpaka shambani, kisha akamfukuza. "Nenda kule. Nenda mbali zaidi." Mjomba alipokuwa mbali vya kutosha, Bibi akanionyesha kwa kidole. Kumbe siku ile hakutoa yote. Lilibaki debe moja, upande wa juu, na Joni alijua kwamba limebaki, na hawakulizungumzia hata siku moja. "Mmoja lazima ajue," Bibi akaniambia. "Sasa ni wewe."

Mjomba Shabani yuko hai, mzee sana, na alinipigia simu jioni ileile ya juzi, mimi bado nanuka majani ya mgomba. Alianza na salamu, nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za biashara. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwanangu, niambie kabla sijafa. Lile la mwisho. Ni mahindi?"

"Ni mahindi, mjomba."

"Umelifukua?"

"Sijalifukua."

"Basi hujui."

Nilicheka, lakini baada ya kukata simu nilikaa nikaona ana haki. Sijui. Na nikaona jingine: nina presha, na ninayejua ni mimi peke yangu.

Jana nimekwenda Kilosa na Neema. Mjomba sikumwambia, namjua. Neema ni mtoto wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, hana undugu na udongo ule, na njia nzima hakuuliza tunakwenda kufanya nini. Chuma cha reli bado kipo, kimeinama kidogo. Nikamwonyesha lilipo lile debe. Nikamweleza kuhusu Mzee Joni na mama yake, na Bibi na Hamisi, pale pale tukiwa tumesimama, na sidhani kama nilieleza vizuri, nilianzia katikati. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kandambili, akakanyaga mahali penyewe kwa kisigino, ili apakumbuke.

"Mama, tufukue tuone?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo tumekula."